Mdalasini wa Uani

Jumanne, 5 Agosti
Chai ya rangi, jani moja la mdalasini. Hodi tangu asubuhi, wote wanataka majani. Huyu ya pilau, yule mwanawe ana mafua, anataka kumfukiza. Wifi yangu Zuhura kaja mwisho, kakaa sana, kasema sana. Kanichosha. Alipoondoka nyumba ikawa kimya mno.

Majani hatuuzi. Ndivyo alivyotaka marehemu mume wangu, aliyeupanda mti. Atakaye apige hodi, aketi kidogo, achume.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilikwenda Kilindoni kupima presha. Nimerudi, mdalasini umechunwa gome. Si kipande cha ubavuni, kama tunavyochuna siku zote. Umechunwa kuzunguka shina zima! Mti ukifanywa hivyo hauponi. Unakufa.

Jirani wana harusi. Pilau lanukia hadi huku. Mpishi ni Zuhura.

Jumapili, 10 Agosti
Zuhura kaja na sinia la pilau. Kakiri. Aliwatuma wasichana wa harusini, hakuwaonyesha pa kuchuna.

"Nisamehe wifi, nilikuwa na masufuria motoni."

Nimemwambia asikanyage tena kwangu. Kaondoka na sinia lake. Nimelia kwa hasira.

Jumatano, 20 Agosti
Majani ya juu yanajikunja. Hapana hodi. Wanasema mti unakufa na mwenyewe ana kisirani. Yote kweli.

Ijumaa, 12 Septemba
Umekauka. Nimemwita mtu akaukata, kimebaki kisiki. Ua mzima umenukia.

Kumbe walikuwa wakifuata majani, si mimi. Inauma. Nimepika chai ya watu wengi kwa mazoea, nimeimwaga. Na mimi tangu nifiwe sijapiga hodi kwa mtu. Ya nini? Mti ulikuwa ukiniletea watu mlangoni.

Namtaka Zuhura na maneno yake mengi. Basi, nimeandika.

Jumapili, 5 Oktoba
Kisiki kimechipua. Vijani vyekundu, vichanga. Sijavigusa.

Alasiri nimejitanda kanga, nimekwenda kwa Zuhura. Mkono mtupu. Mlangoni nikataka kurudi, hodi ikanitoka.

Kanitazama. Kaniuliza nimefuata nini.

"Sikufuata kitu, wifi."

Kanisogezea mkeka. Chai yake haikuwa na jani. Nimekunywa, akaniongeza.