Mkono Mmoja wa Sweta

Nyumbani, 2 Novemba

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu za baba yako, ambaye ni mzima isipokuwa magoti, na magoti hayo hayana jipya la kusema. Ni matumaini yangu kwamba wewe, mume wako na mjukuu wangu Chiriku hamjambo. Barua hii naituma kwa anwani ya kiwandani uliyonipa mwezi wa Julai. Niwie radhi kwa kuandika badala ya kupiga simu. Masikio yangu yamekuwa kama milango iliyovimba kwa mvua, nami sipendi kukufanya upige kelele mbele za watu.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Chiriku azaliwe, marehemu mama yako hakuacha sikukuu ya mwisho wa mwaka ipite bila kumshonea au kumfumia nguo. Huu ni mwaka wa kwanza bila yeye, nami nimeamua, kwa aibu kiasi, kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Nimenunua sufu ya rangi ya machungwa kwa Bibi Nyuzi, jirani yetu wa duka la pembeni, naye hunifundisha kila siku saa kumi. Hanionei huruma. "Mzee, sindano si kalamu! Usiishike kama mtu anayetia saini cheti." Jana aliitazama kazi yangu kwa muda, akauliza kama nafuma sweta au nafunga mzigo wa kuni.

Naomba umpime mtoto: kifua, urefu wa mwili, na mkono kutoka kwapani hadi kifundo. Samahani kwa usumbufu.

Na kama si kuwatwisha mzigo, njooni sikukuu. Nyumba ina vitanda vitatu na mtu mmoja.

Ni mimi,
Baba yako

*

9 Novemba

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, tunashukuru. Pole na magoti.

Baba wewe na sindano! Nimecheka mpaka msimamizi akaniuliza kama mashati yamekuwa vichekesho. Mwambie Bibi Nyuzi asikuonee sana.

Vipimo kwa inchi: kifua 23½, urefu 15, mkono 11.

Sikukuu hatutaweza kuja. Kazi ni nyingi, huu ndio msimu wa mashati, kutwa nzima ni kuunga kola. Na wewe usijisumbue kusafiri. Tutaonana mwakani.

Chiriku anakusalimu.

Binti yako

*

Nyumbani, 14 Novemba

Binti yangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba mko wazima. Mimi sijambo, vidole tu ndivyo vinavyouma, navyo ni kwa ubishi wao wenyewe.

Nisamehe kwa nitakalouliza. Mama yako aliacha daftari la vipimo, lile la jalada la bluu, ambamo alimwandika kila mtu aliyewahi kumshonea. Nimelifungua nipate kujua sweta huanzia wapi. Kwenye ukurasa wa Chiriku, Novemba ya mwaka jana, ameandika: kifua 23½, urefu 15, mkono 11.

Ni vilevile, hata ile nusu.

Nilimwonyesha Bibi Nyuzi. Alivua miwani, akasema, "Mzee, mtoto wa miaka saba hakai mwaka mzima bila kurefuka. Hata mwiko wa jikoni ungechipua." Nilimjibu kwamba huenda kwa uchovu wa kazi umeandika vya zamani ulivyovikumbuka. Hilo ni jambo la kawaida, wala silishangai.

Kwa hiyo nimefanya kama mafundi wafanyavyo. Ndani ya kifurushi hiki umo mkono mmoja wa sweta, wa kushoto, nao sijaufunga mwisho. Tafadhali mvishe mtoto, uchome pini palipo kifundo chake, kisha unirudishie. Basi la Jumatano litauleta.

Samahani tena. Uzee hupenda kuhakikisha.

Ni mimi,
Baba yako

*

Nyumbani, 1 Desemba

Binti yangu,

Salamu nyingi. Jumatano mbili zimepita, nami zote mbili nimekwenda stendi. Kondakta sasa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijamfikia.

Sina budi kukuandikia jambo ambalo ningependa zaidi kulisema tukiwa tumeketi. Nikisubiri mkono urudi, niliendelea kulisoma daftari la mama yako, maana jioni zangu hazina kitu kingine. Nikafika kwenye ukurasa wako. Tarehe ni 17 Agosti, miaka mitatu iliyopita, siku uliyokuja na sanduku na mtoto mgongoni. Mama yako ameandika:

"Kifua 34. Kiuno 27. Mkono wa kulia 21. Mkono wa kushoto: haunyanyuki. Nimeacha kupima."

Chini yake hakuna neno. Yeye hakuwahi kuacha kipimo nusu.

Mlikuwa chumbani, wewe na yeye, mlango umefungwa. Nami nikadhani ni mambo ya nguo. Mimi nilikuwa mezani sebuleni, naandika ile barua kwa wakwe zako. Ulikuwa umesema kwamba ulianguka ngazini. Niliamini, kwa sababu kuamini kulinifaa. Kesho yake nilikupa barua ndani ya bahasha, nikakurudisha. Mama yako hakunisemesha siku nne, nami nikamwona yeye ndiye mkosefu wa adabu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimekwisha kuzitumia barua vibaya. Nakuomba jibu moja tu, hata liwe la mstari mmoja: Chiriku yuko kwako?

Baba yako

*

6 Desemba

Baba, shikamoo.

Hayuko kwangu.

Ulitaka mstari mmoja, ndio huo. Lakini kwa kuwa umeuliza nitakwambia yote, maana nimechoka kukutungia habari.

Mwezi wa Juni niliondoka. Sikuja kwako, nilijua njia ya kwako inarudi wapi. Nimepanga chumba nyuma ya kiwanda, chumba na jiko ni kitu kimoja, ukinyoosha mguu unamwaga sufuria. Wiki tatu nilikaa na Chiriku. Siku moja nikatoka zamu, nikaambiwa baba yake amekuja kumchukua shuleni, amempeleka kwa mama mkwe. Tangu hapo nimemwona mara mbili, kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii, tena mama mkwe akiwa amekaa katikati yetu kama mto.

Na unajua kila nikienda pale wanatoa nini? Barua yako. Ile uliyonipa niipeleke na ukaniambia nisiifungue. Niliibeba mwenyewe kwenye mkoba, Baba, saa sita ndani ya basi, na mkono wangu haunyanyuki. Mama mkwe ameiweka kwenye mfuko wa plastiki isichakae. Naijua kwa moyo: "Binti yangu ni mkaidi tangu utoto, na iwapo pametokea kosa, naomba lihesabiwe kuwa ni lake." Afisa akiisoma ananitazama, anasema, "Lakini huyu ni baba yako mzazi." Nitamjibu nini? Mwandiko wenyewe mzuri hivyo, unafikiri umechapwa!

Vipimo niliandika vya mwaka jana kwa sababu ndivyo ninavyovijua. Mkono wako umefika, ninao hapa. Sikuwa na mtoto wa kumvisha. Nimeuchoma pini mara kumi nikikisia, nikaitoa mara kumi.

Tarehe 8 Januari tunaitwa tena, na wamesema ndiyo mara ya mwisho. Wakiamua abaki kule, basi.

Usinijibu kwa maneno mazuri.

Binti yako

*

Nyumbani, 9 Desemba

Binti yangu,

Nimepokea. Naondoka kesho na basi la alfajiri kwenda kwa wakwe zako. Nyumba nimemwachia Bibi Nyuzi. Nimechukua daftari, utepe, na sweta lililobaki.

Baba

*

11 Desemba

Baba, nakuomba usiende!

Huwajui. Watakukalisha uani, watakusomea barua yako mbele ya majirani, watakupa soda na kukuaga. Wewe utasema "samahani" mara saba na kuondoka, na Januari watasema hata baba mtu alikuja akanyamaza. Utaniharibia kabisa. Kama hujaondoka, baki. Nimempigia Bibi Nyuzi hapokei.

Binti yako

*

Kwa wakwe zako, 19 Desemba

Binti yangu mpendwa,

Salamu. Mimi ni mzima. Barua yako ya tarehe 11 nimesomewa jana na Bibi Nyuzi katika simu ya duka la jirani hapa. Yeye akipiga kelele upande ule, nami nikiomba arudie upande huu, hata wanunuzi wote wameijua. Samahani kwa hilo.

Ulikisia vyema, isipokuwa soda ilikuwa chai. Nilikalishwa uani. Mume wako alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Mzee, hapa hatupokei marekebisho. Ulishasema." Mama yake akaleta ule mfuko wa plastiki. Hakunisomea. Alinipa, akasema, "Soma mwenyewe, sauti ni yako."

Nikasoma. Mstari kwa mstari, mbele ya majirani watano na fundi wa baiskeli aliyeacha kazi yake kuja kusikiliza. Nilipokuwa mwanafunzi misheni nilipewa tuzo kwa kuandika barua. Kama mwalimu wangu angekuwepo uani pale, naamini angeniomba nimrudishie.

Nilipomaliza, nilifungua daftari la mama yako na kusoma ukurasa wa tarehe ileile. Sikuongeza neno. Mume wako akasema, "Hilo ni daftari la ushonaji." Nikamjibu, "Ndiyo, baba. Na aliyeliandika hakukosea kipimo katika miaka arobaini." Sikusema samahani. Nilihesabu, kwa kuwa nakufahamu ungeniuliza: sikulisema hata mara moja kwake. Nililisema kwa mama yake, kwa kumwachia kazi ya kulea ambayo sikuwahi hata kuiulizia. Yule mama akasema, "Miezi mitano nangoja mtu wa upande wenu aje aniulize habari za mtoto huyu. Hata salamu! Nikadhani hana kwao." Mume wako alianza kujibu, na mama yake akamwambia, "Wewe kaa." Akakaa.

Kesho yake tulikwenda ofisi ya ustawi, mimi na mama mkwe wako. Niliomba karatasi, nikaandika: kwamba barua ya kwanza niliiandika bila kuona na bila kuuliza; kwamba kosa lililotajwa humo si la binti yangu; kwamba nyumba yangu ni yake na ya mwanawe, na hatarudishwa kokote. Ni mistari sita, haina pambo lolote. Imebandikwa juu ya ile ya kwanza. Afisa alipiga muhuri zote mbili. Januari nitaketi benchi lile, upande wako.

Sitaki kukupa matumaini kupita kiasi. Uamuzi bado haujatolewa, na mume wako ameapa kuleta mashahidi. Lakini sikukuu nzima, hadi tarehe 7, mtoto ameruhusiwa na afisa kuwa nawe kwangu. Ninayo karatasi yenye muhuri mfukoni, na kila nusu saa naipapasa.

Sasa vipimo, nilivyovichukua kwa mkono wangu, mtoto akilalamika kwamba utepe unamtekenya: kifua 24¾. Urefu 16. Mkono 12¼.

Jumanne tarehe 23 uombe ruhusa mapema, tafadhali. Saa nne asubuhi basi letu litapita stendi ya mji wako, litasimama dakika ishirini, kisha tuendelee nyumbani. Nimekukatia kiti. Chiriku ndiye atakayeshuka kwanza. Nimelifunga sweta, naye hataki kulivua, ingawa bega la kushoto liko wazi. Nilimweleza kwamba watu watamcheka. Akaniambia, "Wacheke tu, Babu. Mama ndiye anao mkono mwingine."

Ule ulio kwako umepungua kama inchi moja na robo. Usiufumue. Njoo nao.

Ni mimi,
Baba yako