Ngozi ya Kulinganishia

Jumatatu, 3 Machi
Ngozi ya mdogo wangu imefika maabara kwetu. Kipande kama punje ya mchele. Daktari wake ana wasiwasi: mimba imekuwa kubwa, na ngozi yake inachubuka ukiigusa tu. Kolajeni, zile nyuzi zinazoushikilia mwili, ikiwa mbovu, mji wa mimba unaweza kupasuka akisukuma — itabidi apasuliwe mapema. Yeye kisu hataki hata kukisikia. Mbishi huyo!

Bosi analalamika, ngozi ya kulinganishia, tuliyopewa na dereva wa maabara, imekwisha. Lazima iwe ya mtu mwenye afya. Nikakunja mkono wa shati: kata hapa. Akacheka, akakata.

Alhamisi, 6 Machi
Mdogo wangu kapiga simu. Eti mnatafuta nini humo? Nikamweleza: kolajeni. Minyororo mitatu ya protini inajisuka kama nywele. Seli inautoa msuko nje, ncha zinakatwa, halafu misuko inajipanga yenyewe ubavu kwa ubavu, kila mmoja umesogea mbele kidogo, kama matofali ukutani. Hapo unapatikana uzi mnene. Ndio unaotushikilia.

Basi wangu kausuka mlevi, kasema. Nimecheka kwa mdomo tu.

Ijumaa, 14 Machi
Majibu! Bosi kapima kwa hadubini: nyuzi za mdogo wangu na zangu unene sawasawa. Kaandika salama. Mdogo wangu kapiga vigelegele — atajifungua kawaida!

Ila kidonda changu hakijafunga. Uzi wa kushonea umeichana ngozi.

Jumapili, 16 Machi
Nimeenda maabara peke yangu. Nikatoa picha za zamani, za ngozi ya yule dereva tuliyokuwa tukilinganishia. Nikaweka zangu kando yake. Mungu wangu! Za dereva nene, zimelingana. Zangu nyembamba, hovyo hovyo. Za mdogo wangu vilevile. Baba mmoja, mama mmoja — tulikuwa na akili gani? Tumempima mgonjwa kwa mgonjwa!

Bosi hapokei simu. Shemeji kapokea: uchungu umeanza, wako wodini.

Niko mlangoni mwa chumba cha kujifungulia. Muuguzi kanisomea majibu: nyuzi sawa na za mtu mwenye afya. Sasa dada, unataka nini tena?

Huyo mwenye afya ndiye mimi!

Kanikodolea macho. Kisha kaniambia nikae, anamwita daktari. Kaingia, kafunga mlango. Naandika nisije nikaupiga mateke. Namsikia mkunga huko ndani: haya mama, sukuma, sukuma —