Mguu wa Pili wa Korongo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeambiwa tuna mwizi. Kumbe hata fundi wa masanduku ya bati ana kitu cha kuibiwa!

Habari kaileta mjukuu wangu, binti wa mwanangu. Yeye ndiye anayeuza masanduku yetu kwa simu siku hizi. Mimi nagonga, yeye anapiga picha, watu wananunua bila kusikia harufu ya jasho langu. Sasa mteja mmoja wa mbali kamwandikia: huku kwetu nimeona sanduku lina ndege kama wenu, mna tawi? Hatuna tawi. Mjukuu kawaka moto. Babu, alama yetu inaibwa! Lazima tuisajili, na siku hizi inafanyika mtandaoni, hata kuvaa viatu huvai.

Nikamwambia muulize mteja, huyo ndege wa mwizi ana miguu mingapi.

Akanitazama kama nimeuliza bei ya mwezi. Lakini aliuliza. Jibu likarudi: mmoja.

Nikaweka nyundo chini. Nikasema naenda chooni. Sikwenda chooni.

Jumanne, 5 Machi

Niandike vizuri leo, maana kichwa changu siku hizi kinavuja.

Yule korongo alimchora mdogo wangu, tumbo moja, titi moja. Ilikuwa kwenye sanduku la kwanza kabisa tulilogonga sisi wawili. Alipofika miguuni, mguu wa pili hakuuweka. Mimi nasema rangi iliisha kwenye kopo. Yeye anasema hapana, korongo akipumzika husimama kwa mguu mmoja, muulize yeyote aliyewahi kuliona bwawa. Tumebishana juu ya mguu huo tangu tuna meno yote. Siku ya harusi yake nilisimama mbele ya watu nikasema, bwana harusi ni mchoraji hodari ila ana tabia ya kuishiwa rangi kabla ya kumaliza kazi. Alinikimbiza na kiti! Bibi harusi alicheka mpaka wakweze wakaona aibu.

Baadaye akahamia mbali, upande wa mkewe, akafungua karakana yake. Kabla ya kuondoka alinikatia korongo kwenye kipande cha bati, tundu tupu lenye umbo la ndege. Naliweka juu ya kifuniko cha sanduku, napaka rangi, nainua – ndege huyo hapo. Maana mimi nikichora kwa mkono, hutoka pasi yenye mdomo. Akanikabidhi akisema: kaka, nimekukatia mguu mmoja, usije ukajitia ufundi.

Akawa ananipigia kila Ijumaa kunitukana. Halafu Ijumaa moja hakupiga. Na iliyofuata. Namba haipatikani. Mwanangu alisafiri kwenda kumtafuta, akakuta karakana imekuwa duka la makava ya simu. Majirani wakasema alifiwa na mkewe, akafunga, akaondoka. Wapi? Hakuaga.

Miaka imepita. Nimezoea. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu.

Sasa mwizi wa mguu mmoja! Ee Mola, naomba awe ndiye.

Alhamisi, 7 Machi

Tumeanza usajili. Kompyuta ya mjukuu mezani, mimi pembeni na miwani ya bibi yake, maana yangu nimeikalia.

Kitu cha kwanza, mashine inataka kuhakikisha mimi si roboti. Inaleta vipicha, bonyeza vyote vyenye ngazi. Nikabonyeza ghorofa. Babu, hapo hakuna ngazi. Nikasema wanaokaa juu wanapandaje, kwa kamba? Tukafelishwa. Mara ya pili nikafungwa mdomo, tukapita.

Ikataka neno la siri. Nikasema weka Mpumbavu. Haitoshi, inataka na namba. Mpumbavu1. Ikatoa alama ya kijani: neno lako ni imara. Darasani sikuwahi kusifiwa hivyo, na niliishia la nne.

Kisha jina la mwenye alama. Kaweka langu. Nikauliza, hakuna pa kuweka mwenzangu? Kasema papo, mmiliki mwenza, lakini lazima naye athibitishe mwenyewe.

Nikaivua miwani ya bibi yake, nikaifuta.

Basi weka langu tu, nikasema.

Ikabaki picha ya alama. Nikamwambia kesho nitakuletea.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechora. Nimeweka bati la mdogo wangu juu ya karatasi nyeupe, nikapaka rangi nyeusi, korongo akatoka safi. Halafu nikachukua brashi, nikamwongeza mguu wa pili! Mguu umetoka una goti mahali ambapo hakuna kiumbe mwenye goti. Lakini ni mguu.

Mjukuu kautazama. Babu, mbona miwili?

Amepona, nikasema.

Kacheka, kapiga picha, kaituma. Alidhani nimeipendezesha kwa ajili ya serikali.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua uso: unamtega shemeji yangu.

Ndiyo namtega. Yule mtu ukimwandikia "njoo, nimekukumbuka" atakaa kimya, ataona haya. Lakini mguu wa pili? Kwa jina langu peke yangu? Hata kama yuko chini ya kitanda cha mtu atatoka na fimbo.

Jumanne, 16 Aprili

Meseji imeingia kwenye akaunti. Mkaguzi wao ameangalia, hakuna alama nyingine iliyosajiliwa inayofanana nayo. Wameikubali kwa kuanzia. Itatangazwa kwenye jarida lao la mtandaoni, kisha watu wanapewa miezi miwili: mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza mtu, tunapewa cheti.

Mjukuu kasema, babu, tuombe asijitokeze mtu.

Nikasema tuombe. Kila mtu na dua yake.

Jumamosi, 1 Juni

Imetangazwa! Nimemwona ndege wangu kwenye kioo, katikati ya dawa ya mswaki na kampuni ya matairi. Chini yake jina langu lote. Anaonekana kama mzee aliyevalishwa suruali ya mtoto, ila anaonekana.

Halafu nikaanza kujiuliza. Mdogo wangu na jarida la serikali, wapi na wapi? Yule alikuwa anasoma matangazo ya misiba na bei ya bati, basi. Nikamwomba mjukuu amweke korongo kwenye ukurasa wake wa kuuzia pia, aandike: alama yetu mpya, miguu miwili, shirikisheni wenzenu.

Wameshirikisha kweli. Mmoja kaandika, huyo ni kuku. Mwingine, goti la mguu wa kushoto lina nini? Nimecheka peke yangu. Hayo ndiyo maneno yake. Nilimwambia mjukuu hebu tazama aliyeandika habari ya goti ni nani. Katazama. Ni dada mmoja anauza mitumba.

Jumapili, 9 Juni

Yule mteja wa mbali ametuma picha ya sanduku la mwizi.

Ni lake. Sihitaji kuambiwa. Hakutumia bati la tundu, kachora kwa mkono. Jicho lile! Korongo wake siku zote anatazama kama amesikia umbea na anasubiri uondoke akausimulie.

Lakini sanduku lina kutu pembeni. Bawaba zimebadilishwa, kishikio kimoja hakuna, wamefunga kamba. Mteja anasema ni la mama mkwe wake, lilinunuliwa zamani, kutoka kwa fundi aliyepita na mkokoteni. Fundi mwenyewe hawamjui. Hakupita tena.

Mjukuu kafurahi mpaka kapiga makofi. Babu, kumbe hakuna mwizi! Ni la babu mdogo!

Ndiyo, nikasema. Hakuna mwizi.

Jumatatu, 10 Juni

Sikugonga leo. Nilisema mkono unauma.

Jumatano, 3 Julai

Kila siku nikiamka nauliza kama kuna pingamizi. Mjukuu anafungua, anasema hakuna, hongera babu. Ananipa hongera kila asubuhi kama mtu aliyepata mtoto.

Leo nimemuuliza kama mashine haijakosea. Labda pingamizi limeingia kwenye akaunti ya watu wa matairi. Kasema haliwezi kupotea. Nikasema vitu vikubwa kuliko pingamizi vinapotea.

Alhamisi, 18 Julai

Balaa. Mjukuu kapiga simu kwenye huduma yao kuuliza jambo lingine, kijana wa huko akamwambia: hakikisheni alama mliyoomba ndiyo mnayotumia kwenye bidhaa. Mjukuu akakata simu akaenda karakanani kutazama. Masanduku yote mguu mmoja. Yaliyouzwa, mguu mmoja. Yanayokauka rangi, mguu mmoja.

Alinijia mikono kiunoni, nikamwona marehemu mama yangu. Babu! Tunasajili ndege asiyekuwepo duniani! Picha haibadilishwi tena, labda tuifute tuanze upya. Nimepoteza miezi yote hii, kumbe wewe unacheza?

Nikajaribu mzaha. Nikasema mke wangu mdogo, usinipandishie sauti, mke mkubwa anasikia.

Hakucheka. Bibi yake akamwita jikoni, wakafunga mlango. Sijui walisemezana nini, ila mjukuu alitoka macho mekundu, akakaa karibu nami kwenye benchi la kukatia bati. Akaniuliza babu mdogo alikuwaje.

Nilitaka kusema mbishi, mchafu, anakoroma. Nikasema alikuwa na mkono mwepesi. Basi, nikajifanya natafuta mkasi.

Jumanne, 30 Julai

Kesho ndiyo mwisho. Hakuna kitu.

Mwanangu kapita jioni kasema baba, hiyo ni habari njema, hakuna anayekupinga. Ni mtoto mzuri, hana makosa. Nikamwambia ndiyo.

Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kukosa wa kumpinga na akajisikia hivi. Maisha yangu yote kulikuwa na mtu mmoja wa kuniambia si kweli. Nikisema mvua inakuja, anasema haiji. Nikisema rangi imeisha, anasema ndege anapumzika. Sasa nasema uongo mbele ya nchi nzima, mguu una goti la ajabu, na hakuna anayesema si kweli.

Jumatano, 31 Julai

Alasiri nimemwambia mjukuu fungua pale pa kuweka pingamizi.

La nani, babu?

La babu yako mdogo. Juu yangu.

Akasema mtu hajipingi mwenyewe. Nikasema sijipingi, ananipinga yeye, mimi namsaidia kuandika tu, yule mvivu wa barua. Akamtazama bibi yake. Bibi yake akasema, mwandikie, mke mwenzangu, tangu nimeolewa sijawahi kumshinda huyu.

Basi nikatamka, yeye akaandika. Nimekumbuka vizuri, maana nilivyoanza tu maneno yalikuja yenyewe na sauti yake:

Huyo korongo nilimchora mimi. Mguu wa pili ni uongo. Rangi haikuisha, ilikuwepo, kopo lilikuwa limejaa mpaka nusu, kaka yangu hakuchungulia. Ndege anapumzika. Kaka yangu alizaliwa mbishi na mkono mzito, mtazameni goti lile. Uondoeni huo mguu haraka.

Mjukuu alikuwa anacheka akiandika. Kufika "ndege anapumzika" hakuwa anacheka tena.

Mashine ikauliza jina la mpingaji. Nikalitaja lote, na la baba. Siku nyingi sijalitaja lote. Mke wangu kaacha ufagio akasimama.

Ikauliza namba ya simu. Ninayo kichwani, ile isiyopatikana. Nikaitaja, mashine ikaweka alama ya kijani. Imeikubali! Nikamwambia mjukuu unaona? Kasema babu, inahesabu tarakimu tu.

Sasa imesimama. Inataka anwani. Nimesema ruka. Hairuki. Nimesema weka yetu. Mjukuu kaweka yetu, ikaandika kwa wekundu: mpingaji na mwombaji hawawezi kuwa na anwani moja. Mashine haijui tulilala kitanda kimoja mpaka nikaota ndevu.

Kafuta. Pamebaki patupu. Kuna kijistari kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Ofisi yao inafunga saa kumi, na zimebaki dakika chache. Nimemwambia ngoja kwanza niandike haya, na yeye kangoja, vidole juu ya herufi. Bibi yake yuko mlangoni, ufagio mkononi, hafagii.

Ananiuliza tena, taratibu, kama mtu anavyomuuliza mgonjwa: babu, niandike yuko wapi?