Rangi ya nywele zangu

Shoga, nimetoka ofisi ya vitambulisho sasa hivi.

Karani kaniuliza rangi ya nywele. Nikavua kilemba, nikamwonyesha upara. Nikamwambia dawa za saratani zilizimaliza nikiwa na miaka mitano na hazikurudi tena.

Akasema, "Pole dada, lakini kompyuta haikubali niache wazi. Zilikuwa rangi gani?"

Eti zilikuwa rangi gani. Mimi nitakumbuka wapi?

"Basi mpigie mama."

Nikampigia kwa spika, foleni nzima imetega masikio.

Mama akasema, "Nyeusi, mwanangu. Ila juani zilikuwa na wekundu, kama za marehemu bibi yako. Ninazo kabatini."

Karani akaandika nyeusi.

Nimekaa ngazini nacheka huku nalia. Miaka ishirini na mbili zimo kabatini, shoga, na mimi sijawahi kumuuliza.