Neno Walilomwita Elisante

Kwa Mama mpendwa, Marangu.

Shikamoo Mama, na Baba naye mfikishie shikamoo yake. Mgongo wake unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Huku Uingereza sisi ni wazima, na wajina wako, Aikande mdogo, ananyonya kama ana ugomvi na mtu. Paji la uso ni lako, Mama, hata mimi mkweo nimekubali.

Sasa kaa chini kwanza, maana nina jambo limeniacha mdomo wazi.

Unakumbuka siku ile pale stendi ya Moshi, tulipokuwa tunaondoka? Ulimshika mwanao mkono ukamwambia, "Huyu akijifungua huko, mama mkwe wa kumtunza ni wewe." Mimi nilicheka. Kumbe Elisante hakucheka! Tangu nitoke hospitali hajaniacha nishike hata kijiko. Amezunguka mji mzima mpaka akapata ndizi mbichi kwa Wahindi, si mshare, zile ndizi zetu za mtori, lakini zinapondeka. Anapika mtori, anafua nepi, ananikanda kwa maji ya moto. Nikishuka tu kitandani ananiuliza, "Miezi mitatu ya uzazi imeisha?" Na jirani yetu Mwingereza amejifungua juzi, Mama, juzi hii! Leo nimemwona dirishani anaosha gari. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Yule hana mkwe? Hana mtu?

Basi Elisante akawa anakosa vipindi chuoni kwa ajili yangu. Mwalimu anayemsimamia akamwita, akamuuliza kulikoni. Mwanao unamjua, hajui kuzunguka. Akasema, "Mke wangu ni mzazi, amejifungua juzijuzi, nampikia." Mwalimu akacheka, akawageukia walimu wenzake akawaambia Elisante ni "uxorious". Linatamkwa ak-SO-ri-asi, hiyo "so" unaivuta kidogo. Alirudi nalo ameliandika kiganjani, tukafungua kamusi. Yesu wangu! Eti ni mwanamume anayempenda mkewe kupita kiasi, aliyetekwa naye. Nilisoma tena nikidhani macho yana usingizi. Watu wazima walikaa wakatunga neno zima la kumcheka mume kwa sababu anamtunza mkewe! Nikamwambia, hebu tafuta na la yule anayempiga. Tulitafuta mpaka mtoto akaamka, hatukulipata.

Lakini Mama, si la kucheka. Mwalimu amemwambia akikosa kipindi tena, ufadhili unakatwa na tunarudi nyumbani bila cheti. Nilishtuka mpaka maziwa yakakata siku ile. Nikamsihi aende, nikamwambia nina nguvu, nitajipikia mwenyewe. Akakataa katakata. "Nitamwambia nini Mama? Kwamba mzazi wangu alishika ufagio? Ukipata homa, uso wangu nitauweka wapi?" Nikamwambia watamfukuza. Akajibu, "Wanifukuze. Agizo la Mama haliondolewi na mwalimu." Nilimkasirikia na nikampenda, vyote kwa pamoja, sikujua nianze na kipi.

Msalimie wifi wa Njoro, nasikia duka la mitumba linakwenda vizuri. Shemeji anayepandisha wageni mlimani mwambie avae soksi mbili, asijifanye jiwe. Bibi, mama yake Baba, shikamoo yake mpelekee mwenyewe, umwambie kitukuu ana sauti ya kanisani.

Mama, nimefanya jambo. Jana, Elisante akiwa dukani, alikuja Mchagga mwenzetu aliyetoka Moshi wiki hii, akamwona mtoto. Elisante aliporudi nikamwambia kwamba mgeni amekuja na ujumbe wako: Mama amesema inatosha, mzazi ametoka ndani, wewe nenda chuo. Akaniuliza, "Mama amesema hivyo kweli?" Nikasema ndiyo. Leo asubuhi ametoka na vitabu vyake, kila hatua anageuka kuangalia dirisha.

Atakuandikia kukuuliza, namjua. Nakupigia magoti, Mama wangu: sema ulisema.

Mkweo anayekupenda,
Ndeshi