Picha za Roboti na Zamu Yangu ya Moto

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Marahaba yako mara ya mwisho niliisikia kwenye msiba wa mama. Uliisema haraka huku unatazama pembeni, kisha ukaniita "mwalimu" mbele za watu, wewe uliyezoea kuniita "mdogo wangu". Jina hilo liliniuma juma zima. Najua kwa nini uliniita hivyo, ndiyo maana naandika barua hii mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Jambo nililolinyamazia mbele za watu haifai nije kukunong'oneza kwenye simu.

Lakini niache nianze na mazuri, maana nayo yalikuwepo.

Unakikumbuka kibanda umiza cha Mtani pale Usoke, ng'ambo ya reli? Kuta za mabanzi, turubai juu, televisheni moja yenye kisogo kirefu na jenereta iliyokuwa ikikohoa nyuma ya nyumba. Jina halisi la mwenyewe sikulijua hata siku moja. Alikuwa Mzaramo aliyekuja na treni, akaoa, akabaki, na kwa kuwa Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kijiji kizima kilimwita Mtani. Siku za picha za mapenzi wanawake waliingia bila maneno. Siku za roboti na vyombo vya angani waliingia wanaume watupu, na hakuna aliyekuwa amekataza, ila ilijulikana tu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, wewe kumi na sita, siku uliponishika mkono ukanipeleka mpaka mlangoni.

"Benchi limejaa, Mnyamwezi," Mtani alikwambia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amejifanya kizibo cha mlango. "Halafu hii siyo picha ya kina dada. Hii vita ya roboti, utaota vibaya bure."

"Mtani, babu zangu walitembea kutoka huku mpaka kwenu pwani, mizigo ya watu mabegani, miezi na miezi. Leo mjukuu wao anaomba kukaa tu, unamnyima?"

"Kwani niliwatuma mimi?"

Ukainama, ukakivuta kigoda kutoka chini yake, ukaingia nacho. Mtani nusura akae chini. Wanaume walicheka mpaka wakakosa kuona picha ilivyoanza, naye afanye nini? Mtani akichukua kitu chako huna pa kwenda kushtaki. Alisimama mlangoni picha nzima huku akikutukana kwa furaha, na sisi wawili tukabanana kwenye kigoda kimoja. Toka siku hiyo ikawa kila Jumapili tukitoka kanisani.

Sijui kama uliwahi kujua ulichonifanyia mle ndani. Picha zilikuja na sauti ya mtafsiri, yule bwana aliyezungumza juu ya maneno yote ya wazungu kana kwamba watazamaji wote ni wavulana wa kijiweni. "Wanangu, hapo stelingi kashtukia mchezo!" Akizungumza mwanamke, mtafsiri alichoka ghafla. Yule fundi wa injini, yule mwanamke wa ovaroli, aliweza kusema dakika nzima, anaonyesha mitambo, anachora kwa kidole ukutani, na mtafsiri akafupisha: "Demu analalamika." Wewe ulikuwa kidato cha tatu na Kiingereza chako cha kuungaunga, ukaniinamia sikioni: "Muongo huyo. Anasema injini ya kushoto imekufa, wazime taa zote ili chombo kipate nguvu ya kurudi nyumbani." Siku hizi najua sehemu kubwa ulikuwa unatunga. Nilipokuja kuielewa lugha yenyewe niliitafuta picha ile, nikasikiliza, na maneno ya yule mwanamke yalikuwa ya kawaida kabisa. Yako yalikuwa bora.

Kisha Jumatatu, chini ya kivuli cha banda, tukifunga majani mabichi ya tumbaku kwenye fimbo pamoja na mama na majirani, ulikuwa unawasimulia. Mikono inafunga, mdomo unarusha chombo angani. Mwanzo walikucheka. Baada ya majuma mawili, mama ndiye aliyekuwa anauliza wa kwanza.

"Na yule fundi alipona?"

"Alipona, mama."

"Sasa huko juu wanapikia nini? Kuni wanazitoa wapi?"

Ukamjibu kwamba hiyo ndiyo shida yao kubwa, kuni, na chombo kizima kiko angani kinatafuta msitu. Wanawake waliguna kwa huruma. Tangu hapo kila picha uliyoisimulia ilikuwa na mtu wa kuchochea moto.

Nacheka ninapoandika haya, dada. Sasa nifike ninapoogopa.

Jumapili ile bani letu lilikuwa siku ya nne ya kukausha. Wasomaji wasiokulia kwetu nawaeleza: bani ni nyumba ndefu ya udongo inamoning'inizwa tumbaku, moto unawaka mdomoni kwake mchana na usiku, na joto halitakiwi kushuka. Likipoa majani yakiwa yamefika nusu, yanavuta unyevu na kuota madoa, na kazi ya mwaka mzima inashuka daraja. Kwa hiyo moto una zamu, na zamu haiachwi. Baba alikuwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Wewe ulikuwa umemaliza zamu yako, umekwenda kwa Mtani. Iliyofuata ilikuwa yangu.

Nilisukuma magogo mawili makubwa nikajiambia naenda kuchungulia dakika tano tu. Ilikuwa sehemu ya pili ya ile picha ya yule fundi. Nilisimama nyuma yako, wala hukuniona. Nilikaa mpaka mwisho.

Nilitangulia mbio nyumbani, nikakuta moto umekuwa majivu, nikarudi kukutafuta; uliponikuta njiani nalia, hukuniuliza kitu. Tulipuliza wote mpaka macho yakawa mekundu. Kesho yake baba alifungua mlango wa bani, akatoa jani moja, akaligeuza, akatoa jingine. Kisha akauliza, "Zamu ilikuwa ya nani?"

Nilifungua mdomo, dada. Nataka ujue kwamba nilifungua. Lakini wewe ulikuwa umeshasema, "Yangu, baba. Nilikwenda kwa Mtani."

"Mtoto wa kike na roboti, wapi na wapi?" Hakukupiga. Ingekuwa nafuu angekupiga. Alisema msichana mwenye akili za angani shule haimfai, na kabla ya muhula kuanza ukawa umefungiwa nguo zako uende kijiji cha Choma kwa mjomba, ukasaidie ng'ombe mpaka utakapotulia. Siku ya kuondoka, tukisubiri treni ya Tabora, ulinifuta uso kwa kona ya kanga. "Wewe ungechapwa vibaya," ulisema. "Mimi hasira zake zitapoa, mwakani narudi." Ulikuwa na uhakika kabisa. Mwakani haikuja. Ulipata mume hukohuko, ukapata watoto, na mimi nikasoma mpaka mwisho kwa nafasi ambayo ilikuwa ya wawili.

Na baba alipokuwa akitoa mfano wako kwa watu, "yule aliyeunguza akili kwa video", mimi nilikuwa napakua ugali.

Sasa mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tabora mjini. Shuleni kuna klabu ya wanafunzi inayoangalia picha Ijumaa mchana, nami ndiye mlezi wake. Mwezi uliopita alikuja msichana wa kidato cha pili, anaitwa Neema, anataka kuingia. Wavulana walikuwa wamemwambia siku za roboti si zake. Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, "Neema, tafuta klabu nyingine. Hizi ni picha za wavulana."

Aliniangalia. "Mwalimu, na wewe hujawahi kuzipenda?"

"Sijawahi."

"Sawa, mwalimu."

Mimi, dada! Mimi ninayeziangalia kwenye simu na visikilizio masikioni huku mume wangu akiamini nasikiliza kwaya. Nilirudi ofisini nikakaa na madaftari mbele yangu, nisisahihishe hata moja. Niliona wazi kwamba nimekukana wewe kwa mara ya pili, na safari hii hakukuwa na baba wa kuogopwa. Ijumaa iliyofuata niliwaambia wavulana wasogee, nikakaa mbele na Neema. Alitazama picha nzima bila kuegemea. Lakini hilo lilikuwa jambo dogo, lilinichukua dakika moja. Kubwa lilikuwa Usoke.

Nilikwenda Jumamosi. Baba amezeeka, hajalima tumbaku miaka mingi sasa, na bani limeanguka upande mmoja. Nilimkuta anabambua karanga. Nilimwambia yote, kuanzia magogo mawili mpaka nilivyonyamaza. Vidole vyake viliendelea kubambua. Halafu vikasimama.

"Kwa hiyo nilimfukuza asiye na kosa."

"Ndiyo, baba."

"Mbona hakusema?"

"Ilikuwa niseme mimi."

Hakunigombeza. Nilimngoja anigombeze, ilikuwa haki yangu, naye akaniacha na kosa langu. Akaomba nimwandikie namba yako kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa, maana macho yamepungua. Wewe kwako Choma, yeye kwake Usoke, miaka yote hii salamu zenu zinapita kwa watu, kumbe hata namba yako hana. Aliibonyeza taratibu, tarakimu moja moja, akaweka simu sikioni. Kabla haijaita akaikata. "Nitamwanzaje?" akaniuliza. Huyu ni mzee wa kanisa, dada, mtu anayehubiri saa nzima bila karatasi. Aliniuliza mara mbili, na mara ya pili sauti yake haikuwa ya baba tunayemjua.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kuendelea kuniita mwalimu, niite, nimestahili. Watoto wako wa kike wakisoma haya, nataka wajue kwamba mama yao hakuacha zamu yake hata siku moja.

Ombi langu ni moja. Jumapili hii, akitoka kanisani, atajaribu tena. Itakuwa namba usiyoijua, na huenda ikakatika kabla hujaifikia, maana hakawii kuikata mwenyewe. Akikaa kimya, usifikiri ni mtu amekosea namba. Mwamkie wewe kwanza, usubiri. Ni baba, anatafuta pa kuanzia.

Mdogo wako