Chetezo cha Magharibi

Amu, Alhamisi, 8 Februari 2024, baada ya alasiri

Mwanangu Lubna,

Assalamu alaykum. Hujambo? Mimi mzima, ila masikio ndiyo yale yale, kwa hivyo usinipigie, niandikie tu. Mikate yangu yatoka vizuri kwenye jiko la gesi ulilonipa. Nimelishusha chini, karibu na mlango, nisipande ngazi kila alfajiri.

Chini kwanuka kidogo, kama mayai mabovu. Nadhani panya amefia mahali. Leo nimefunga milango, na ikikaribia magharibi nitashuka na chetezo, nifukize udi hata mvunguni mwa meza ya jikoni. Makaa yashawaka darini.

Na usinianzie tena habari ya kuhamia Mombasa.

Mamako, Radhiya

Mombasa, siku hiyo hiyo, saa kumi na moja na nusu

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe salamu fupi. Usishuke na chetezo. Huyo si panya, ni gesi inayovuja, na gesi hukaa chini, haipandi ikatoka dirishani. Kaa moja tu latosha kuilipua nyumba. Yaache makaa darini, shuka mikono mitupu, usiguse taa. Fungua mlango, utoke, umwite Idarus jirani afunge mtungi. Nampigia, hashiki.

Mwanao, Lubna

Saa kumi na mbili na nusu

Mama, nijibu. Neno moja tu.

Lubna

Amu, Ijumaa, 9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima, alhamdulillahi. Nisamehe, simu niliiacha ndani, na Idarus akanikataza kuingia mpaka nyumba ipigwe upepo. Nimelala kwake.

Ujumbe wako ulinikuta ngazini, chetezo mkononi. Nilikirudisha darini, nikatoka mikono mitupu kumwita Idarus. Idarus alifunga mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, likatoa mapovu mahali panya alipotafuna. Kwa hivyo panya yuko, ila hakufa. Akaniambia, "Bi Radhiya, mtungi huu mahali pake ni yuu, darini penye upepo." Nikamkumbuka bibi yako. Jiko lake lilikuwa darini, nami nikimcheka kwa kujichosha na ngazi.

Sasa nikwambie kweli. Harufu niliisikia tangu Jumatatu, na moyoni nilijua si panya. Niliogopa nikikwambia utanitoa nyumbani kwangu. Nikaona heri niifunike kwa udi.

Mamako

Mombasa, Ijumaa, baada ya sala

Mama,

Shikamoo. Nimesoma nikalia hapa hapa kazini. Kumbe ni mimi niliyekufunga mdomo, kila ukinipa habari nakujibu uhame.

Sitasema tena. Jumapili nakuja na mpira mpya, tupandishe jiko darini, na ngazi tutaifunga kamba ya kushikia. Ukisikia harufu tena, hata ya uongo, niandikie kwanza. Udi niwekee, tufukize pamoja.

Mwanao, Lubna